Wenzi wa Njiani: Unyonge wa Wahusika Wasaidizi katika Katuni ya Pokémon

Waarabu wana methali isemayo kwamba mwenzi hutafutwa kabla ya njia. Watu wa majahazi na wa misafara waliielewa bila ya kufafanuliwa, kwani safari ndefu haipimwi kwa masafa yake peke yake, bali pia kwa yule unayekwenda naye: atakayekugawia maji yake, au atakayekunywea yako. Fasihi ya safari imejengwa juu ya hikima hiyo tangu zamani. Cervantes, katika sehemu ya kwanza ya Don Quixote iliyotoka mwaka 1605, alimwacha bwana yule aliyerukwa na akili kwa vitabu atoke peke yake mara moja tu. Mara ya pili alimpa Sancho Panza, mkulima mnene juu ya punda, apate wa kusema naye na, zaidi ya hayo, wa kubishana naye. Bila ya Sancho pangekuwa na mwendawazimu. Pamoja na Sancho pakawa na riwaya.

Miongoni mwa safari ndefu zilizopata kusimuliwa kwa picha katika zama hizi ni ile ya katuni ya Kijapani iitwayo Pokémon. Ilianza kuonyeshwa tarehe 1 Aprili 1997, mwaka mmoja na ushei baada ya kutoka mchezo wa kielektroniki ulioizaa. Mhusika wake mkuu, mvulana ambaye Wajapani humwita Satoshi na walio wengi nje ya Japani humjua kwa jina la Ash, hakuiacha njia mpaka tarehe 24 Machi 2023, vikiwa vimepita vipindi zaidi ya 1,200. Mtoto aliyezaliwa siku kilipoonyeshwa kipindi cha kwanza alikwisha kuwa mtu mzima kilipoonyeshwa cha mwisho. Ash, aliyetoka kwao akiwa na umri wa miaka 10, alikuwa bado na miaka 10.

Mpangilio wa safari hiyo ni mwepesi. Watoto huondoka makwao kwenda kuwakamata na kuwafundisha viumbe waitwao Pokémon, huwashindanisha katika kumbi za miji mbalimbali, hupata beji, na beji zikitimia huingia katika mashindano makubwa ya ligi. Ash hufuatana na Pikachu, kiumbe wa rangi ya manjano mwenye nguvu za umeme, pamoja na wenzi wa kibinadamu ambao kwa kawaida huwa wawili au watatu. Pikachu habadilishwi. Wanaobadilishwa ni hao wengine: Misty na Brock walianza mwaka 1997, Tracey akashika nafasi ya Brock kwa muda mwaka 1999, May na mdogo wake Max wakaja mwaka 2002, Dawn mwaka 2006, Iris na Cilan mwaka 2010, Clemont, mdogo wake Bonnie, na Serena mwaka 2013, na Goh mwaka 2019. Swali linalostahiki kuulizwa ni kwa nini wengi wao, baada ya vipindi vingi kiasi hicho, hubaki akilini mwa mtazamaji kwa tabia moja tu, na pengine kwa kauli moja tu.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana istilahi inayofaa hapa. Mbali na mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayekua na kugeuka, wao humtaja pia mhusika shinda: aliye baina ya hao wawili na asimamaye kwa kumtegemea mwengine. Neno lenyewe limetoka katika vyombo vya maji. Chombo shinda ni kile kisichojaa. Istilahi hiyo si tusi. Debe shinda haliachi kutika, wasema wahenga, na kutika huko ndiko kunakomkumbusha mchukuzi kwamba amebeba kitu. Kasoro ya wenzi wengi wa Ash haimo katika kutojaa kwao. Kasoro ni kwamba hawatiki. Ash huwachukua mwaka mzima, au miaka mitatu, na mabega yake hayajui kuwa yana mzigo.

Kipimo cha mwenzi, basi, si wingi wa sifa zake wala uchangamfu wake. Mwenzi aliyeandikwa vyema ni yule ambaye njia hupinda kwa ajili yake, ikawa haja yake imemgharimu mwenzake, au imemgharimu yeye mwenyewe, kitu ambacho hakirudi. Kwa kipimo hicho, na atazamwe kwanza Brock.

Brock alianza vizuri kuliko wote. Msomaji aliyetazama vipindi vya mwanzo atakumbuka kijana anayesimamia ukumbi wa mapambano wa mji wa Pewter huku akiwapikia na kuwashonea wadogo zake, kundi zima la watoto ambao baba yao aliwaacha. Baba anaporejea na kuushika mzigo wake, Brock hupata ruhusa ya kuondoka. Ni mwanzo wenye maumivu na wenye hadhi: kijana aliyekuwa mzazi kabla ya kuwa kijana. Lakini akishaingia njiani, waandishi humpa kazi mbili. Ya kwanza ni kupika. Ya pili ni kupagawa kwa kila mwanamke mzuri anayekutana naye, hasa wauguzi na askari wa kike ambao katika katuni hii hufanana kutoka mji hadi mji. Misty humvuta sikio. Alipoondoka Misty, Max akalirithi sikio hilo. Alipoondoka Max, kazi ikashikwa na Croagunk, kiumbe wa umbo la chura, anayemdunga kwa nyuma na kumburura. Mkono unaomwondoa ulibadilika mara mbili, lakini mapenzi yanayoondolewa hayakubadilika hata mara moja.

Kichekesho hakina dhambi kwa kuwa ni kichekesho. Huenda kijana aliyelea nduguze bila ya mtu wa kumlea yeye ana njaa ya kupendwa ambayo haimwachi kusema na mwanamke kwa utulivu. Hilo lingekuwa jambo la kuandikwa. Vipindi hivyo, hata hivyo, havikuwa na hamu ya kuuliza. Mapenzi ya Brock huanza na kuisha ndani ya dakika moja, naye huinuka bila ya jeraha, tayari kwa mji ujao. Kibwagizo hurejea, lakini beti za kukipa maana hazikuandikwa. Ilipofika mwaka 2010, karibu na kuondoka kwake, aliandikiwa kisa cha kubaki peke yake na viumbe waliodhurika kwa sumu na kuwahudumia usiku na mchana, na hapo akaamua kuwa tabibu. Ni kisa kizuri, nacho kinahuzunisha kwa sababu kimechelewa: mtu wa kweli aliletwa ili aagwe.

Misty aliingia katika hadithi akiwa mdai. Ash alichukua baiskeli yake ili kumwokoa Pikachu, na umeme wa Pikachu ukaiunguza. Kwa mtunzi, deni ni rasilimali isiyo ndogo. Mdai ana sababu ya kufuata, ana haki ya kukasirika, na ana siku ambayo atalipwa au atasamehe. Lakini deni hilo liliachwa likapoa, na msichana mwenye ulimi mkali aliyeota kuwa bingwa wa viumbe wa majini akamalizia sehemu kubwa ya safari yake akimpakata Togepi, kitoto kilichoanguliwa katika yai, na kutoa maoni pembeni ya uwanja. Mwezi Novemba 2002 dada zake walimhitaji arudi kushika ukumbi wa nyumbani, na baiskeli ikamfikia ikiwa imetengenezwa. Aliyeishughulikia ni muuguzi. Deni lililofungua hadithi likafungwa na mtu ambaye hakukopa.

Kisha May akaja, na umeme wa Pikachu ukaunguza baiskeli yake. Baadaye akaja Dawn, na baiskeli yake ikaungua vilevile. Mara ya kwanza lilikuwa tukio. Mara ya tatu lilikwisha kuwa muhuri wa kuingilia. Kwa baiskeli hizo tatu mtu anaweza kuisoma falsafa nzima ya katuni hii juu ya wenzi: mali yao huungua ili safari ya mwengine ianze, na hakuna anayekaa chini kuhesabu.

Wa baadaye walikuja wakiwa na vitambulisho vilivyokwisha kupigwa chapa. Cilan huonja na kutathmini kila kitu kama mwonja mvinyo. Bonnie huwapigia magoti wanawake wapitao njia, akiwaposea kaka yake. Clemont huunda mashine, husifu sayansi, na mashine hulipuka. Iris humwambia Ash, kipindi baada ya kipindi, kwamba yeye bado mtoto. Katika shairi la mizani 16, ukwapi hubeba mizani 8 na utao 8, na kila mtunzi anayajua maneno yale ambayo hutiwa katika utao kwa kuwa hesabu haijatimia, si kwa kuwa kuna la kusemwa. Kauli hizo za wenzi ni maneno ya namna hiyo. Mizani hutimia, sikio hutosheka, na shairi hubaki na nusu yake bila ya watu.

Watetezi wa katuni hii wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Watasema kwamba haya ni masimulizi ya watoto, na kwamba ngano za watoto, kokote ziliko, huishi kwa marudio. Sungura ni mjanja leo, kesho na mtondo. Fisi ni mlafi tangu paukwa. Hakuna bibi aliyesimama katikati ya ngano akaeleza utoto wa fisi. Hiyo ni kweli, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, ngano huisha kabla ya watoto kulala, na haimtaki msikilizaji aishi na fisi miaka 13. Pili, na hili ndilo kubwa, ulafi wa fisi humgharimu. Hupigwa, hunasa, huaibika, pengine hufa, na hata akifufuka katika ngano ya kesho, ya leo imetoa hukumu yake. Mhusika bapa wa ngano ana uzito kwa sababu tabia yake ina bei. Tabia za wenzi wa Ash hazina bei, na ndiyo maana zinachosha.

Ushahidi kwamba waandishi hao hao waliujua ufundi huo umo ndani ya katuni yenyewe, tena mahali pasipotarajiwa. Mahasimu wa kila siku wa Ash ni wezi watatu, Jessie, James na Meowth. Nao ni bapa: kauli yao ya kujitambulisha ni ile ile, mtego wao huvunjika, na karibu kila mara hurushwa angani. Hata hivyo wao ndio wenzi wa kweli wa hadithi hii. Jessie alikulia katika umaskini wa kula theluji iliyoandaliwa kama chakula. James alizikimbia mali za wazazi wake pamoja na mchumba aliyechaguliwa. Meowth alijifunza kusema lugha ya binadamu kwa ajili ya kupendwa na paka mmoja, na jitihada hiyo ndiyo iliyomkosesha. Watatu hao hulala na njaa pamoja na kushindwa pamoja. Mmoja akipata bahati ya kuondoka, wawili wabakiao huonekana wamepungukiwa. Mtoto anayetazama hujifunza urafiki kwa wezi, kwa kuwa kwa mashujaa hakuna aliyewahi kumkosa mwenzake kwa zaidi ya kipindi kimoja.

Nao wapo wenzi wawili ambao njia iliwapindia. Wa kwanza ni Dawn. Aliingia akiwa na kauli yake, kwamba hakuna haja ya kuhofu, na kwa miezi mingi kauli hiyo ilitishia kummeza. Kisha akashindwa katika mashindano ya maonyesho, na yaliyofuata akashindwa tena, katika duru ya kwanza, yeye binti wa mama aliyevuma katika sanaa hiyo hiyo. Maneno ya kutohofu yakageuka kuwa kitambaa cha kufunikia hofu, na wenzake wakalijua hilo. Katika mji ambao Ash alitaka kupigania beji, mkuu wa ukumbi, Maylene, naye alikuwa amevunjika moyo asitake kupambana. Aliyemwamsha hakuwa shujaa. Alikuwa Dawn, aliyeomba kupambana naye, mvunjika moyo kwa mvunjika moyo. Safari ya Ash ikasimama ikangoja. Kabla ya hapo wawili hao, Ash na Dawn, walikuwa wamegundua kwamba kiumbe wa mmoja wao alikuwa na moyo wa sanaa ya mwengine: Aipom wa Ash alipenda maonyesho, na Buizel wa Dawn alipenda mapambano. Wakabadilishana. Na mzunguko ambao Dawn aliwafundisha viumbe wake kwa ajili ya jukwaa, Ash akautwaa akaufanya ngao ya vitani. Hapo ndipo ukwapi na utao viliposemezana, kila mmoja akatoa chake na hakurudi kama alivyokuja.

Wa pili ni Serena, naye ni kisa cha mashaka zaidi. Alianza bila ya lengo lake mwenyewe. Alimfuata Ash kwa sababu ya wema aliotendewa utotoni. Alipopata sanaa yake na kushindwa mara ya kwanza, alilia peke yake, akakata nywele zake, na mtazamaji akaona mtu anazaliwa. Ash alipokata tamaa baada ya kushindwa na kujitenga katika msitu wa theluji, Serena alimfuata, akampiga kwa matonge ya theluji, na kumwambia kwamba huyu siye Ash anayemjua. Ni miongoni mwa nyakati chache ambapo mwenzi anamkabili shujaa kwa hasira ya haki. Lakini na isikilizwe vizuri shutuma yenyewe. Serena hamwambii Ash abadilike. Anamwambia arudi alivyokuwa. Hata mwenzi jasiri kuliko wote hapa amepewa kazi ya kulinda sanamu isimomonyoke.

Hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Husemwa, na ni kweli kwa sehemu, kwamba biashara ndiyo iliyowaua wahusika hawa. Kila michezo mipya ilipotoka ilikuja na nchi mpya na viumbe wapya, na katuni ilitakiwa iitembeze nchi hiyo pamoja na sura mpya za kuambatana nayo. Hata sura ilipoondolewa kwa sababu nyingine, sababu hiyo haikuwa ya kisanaa: Masamitsu Hidaka, mmoja wa waongozaji wa katuni hii, alipata kueleza kwamba Brock aliwekwa kando zamani zile kwa hofu kuwa watazamaji wa nchi za nje wangeyaona macho yake kama kejeli ya kirangi, hofu hiyo haikuthibiti, akarudishwa. Lakini Dawn aliandikwa chini ya biashara hiyo hiyo. Biashara inaeleza kwa nini wenzi huondoka. Haielezi kwa nini waliishi kidogo walipokuwapo. Sababu ya ndani zaidi ni shujaa asiyekua. Mtu haguswi na mwenzake akabaki vilevile, na ikiwa Ash lazima abaki mtoto wa miaka 10, basi kila anayemkaribia lazima aandikwe kwa wino usioshika. Iris alikua: aliporejea, mwaka 2021, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa nchi yake, yule aliyekuwa akimwita Ash mtoto. Lakini alikulia huko ambako kamera haikuwepo.

Je, kuna hasara gani katika haya yote? Ipo, na haiwahusu wapenzi wa katuni peke yao. Watoto wa dunia nzima waliitazama safari hii katika miaka ambayo wao wenyewe walikuwa wakijifunza rafiki ni nani. Walionyeshwa mara nyingi kwamba rafiki ni mtu anayekupikia, anayekushangilia na anayekufanya ucheke, kisha, nchi ikibadilika, hubadilishwa naye, na asubuhi yake hakuna kiti kilicho kitupu. Hawakuonyeshwa vya kutosha kwamba rafiki ni mtu ambaye wakati mwengine hukuchelewesha, na kwamba kuchelewa huko ni sehemu ya thamani yake. Mwezi Novemba 2022 Ash alitawazwa bingwa wa dunia, na katika vipindi 11 vya kumuaga, mwaka 2023, Misty na Brock waliletwa tena njiani. Walikuja walivyokuwa, na furaha ya kuwaona ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa furaha ya mtazamaji aliyekua, akiwatazama watoto ambao hawakuruhusiwa kukua pamoja naye.

Cervantes, katika sehemu ya pili ya mwaka 1615, alitimiza ahadi ambayo Sancho alikuwa akiidai tangu mwanzo: alimpa kisiwa akitawale. Kilikuwa kisiwa cha mzaha, kilichobuniwa na wakubwa ili wamcheke. Bwana wake hakuwemo. Sancho akakaa kitini, akaamua kesi moja baada ya nyengine kwa busara iliyowanyamazisha waliokuja kucheka, kisha akajipima, akaona utawala si wake, akaenda zizini akamkumbatia punda wake na kurudi njiani. Alirudi kwa hiari. Tangu hapo kila hatua anayopiga nyuma ya Don Quixote ni hatua aliyoichagua mtu aliyekuwa na pengine pa kuwa. Mwandishi anayetaka wenzi wenye uhai hana haja ya kuwapa nguvu mpya wala vichekesho vipya. Na awape kisiwa, japo kwa siku chache, mahali ambapo shujaa hayupo na wao wapo, kisha awaache waamue wenyewe kama watarudi.